Kiingilio cha Mjane

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mnunuzi wa hospitali, na jina la Mama Bei alipewa na wauza magodoro. Walimpa kwa hasira, naye akalipokea kwa furaha. Glovu, mashuka, sindano, sabuni ya kufulia, mafuta ya jenereta: hakuna kilichoingia hospitalini bila yeye kukishika, kukigeuza na kuuliza, "Hiyo ni bei ya mwisho, au bei ya mazungumzo?" Muuzaji mmoja wa vitanda aliwahi kuwaonya wenzake kwamba ukitoka ofisini kwa yule mama ujikague, huenda hata mbavu zako umeziacha mezani.

Waliomjua kwa karibu walijua na jambo la pili. Mambo yake mwenyewe hakuweza kuyapigania hata kidogo. Viatu alinunua kwa bei ya kwanza aliyotajiwa. Fundi bomba akitaja kiasi, alilipa na pesa ya maji ya kunywa juu.

"Kule nilikuwa nawasemea wagonjwa," alikuwa akijitetea. "Mimi siumwi."

Mumewe alikuwa mpima ardhi, mtu mrefu, mkimya, aliyejiunga na klabu ya gofu enzi za ujana wake kwa sababu bosi wake alicheza. Mama Bei aliingia kwa mgongo wa mume, kama mwanachama mwenza, na mwanzoni alikwenda ili tu asibaki nyumbani. Baada ya miaka mitatu alikuwa akimshinda. Mpima ardhi hakuona haya. Aliwasimulia watu barabarani. Kwa jumla walicheza pamoja miaka ishirini na mmoja, mpaka asubuhi moja mzee alipoanguka bafuni akinyoa ndevu, asiamke tena.

Baada ya arobaini Mama Bei alirudi uwanjani. Kila Jumatano alicheza na wanawake wenzake watatu: mwalimu mkuu mstaafu, daktari wa meno, na mke wa mwenye kiwanda cha sabuni. Hawakuzungumza sana habari za msiba. Walipiga mpira, wakautafuta, wakasemana, wakanywa chai. Ukapita mwaka. Kisha ikaja barua.

Ilikuwa fupi na imepigwa chapa vizuri. Klabu ilimkumbusha, kwa masikitiko, kwamba uanachama mwenza hukoma miezi kumi na miwili baada ya kifo cha mwanachama. Akipenda kuendelea, aombe upya kama mtu mwingine yeyote, na alipe kiingilio kamili. Kiasi kilikuwa kimeandikwa chini, kwa tarakimu na kwa maneno. Kilikuwa sawa na pensheni yake ya miezi kumi na minne, bila kula wala kulipia umeme.

Bintiye, daktari wa mifugo, alipita Jumamosi akiwa bado na viatu vya mpira. Aliisoma barua akiwa amesimama.

"Mama, hizi unapata ng'ombe wanne wa maziwa."

"Nitawafugia wapi, sebuleni?"

"Sisemi ununue ng'ombe. Nasema upime. Unalipia nini hasa? Nyasi?"

Mama Bei aliichukua barua, akaikunja. Kwa kitanda cha wagonjwa angejibu mara moja: unalipia chuma, unalipia magurudumu, unalipia miaka kumi bila kutengeneza. Kwa hili hakuwa na jibu, na kutokuwa na jibu kulimkera kuliko bei yenyewe.

Jumanne alikwenda kwa katibu wa klabu. Katibu alikuwa mwanajeshi mstaafu, shati limenyooshwa pasi mpaka mikono inakata, mtu aliyezungumza kama anayesoma tangazo. Ofisi yake ilikuwa na feni iliyonguruma, birika la umeme, na ubao mrefu wenye majina ya manahodha wote wa klabu kwa rangi ya dhahabu. Alisimama, akampa kiti, akampa pole tena.

"Nimepata barua," Mama Bei alisema. "Nimecheza hapa miaka ishirini na miwili. Kombe la wanawake nimelichukua mara nne. Leo mimi ni mgeni?"

"Kwa mujibu wa katiba, dada yangu, ndiyo. Mwanachama alikuwa marehemu."

"Na hiki kiingilio?"

"Kiingilio hakijadiliwi."

Alilisema hilo akiyatazama makaratasi. Mama Bei aliona. Kazi ya ununuzi ilikuwa imemfundisha kwamba muuzaji asiyeweza kushuka hukutazama usoni, maana hana cha kuficha. Mwenye nafasi ya kushuka hutafuta pa kuyaweka macho. Hapo ndipo palikuwa pa kukaa kimya, kuvuta kiti karibu, kuuliza swali la pili. Badala yake ulimi ulimlemea. Alijisikia akisema, "Haya, nitafikiria," akashika mkoba, akatoka.

Kwenye veranda alisimama akijionea aibu. Miaka thelathini na mmoja, halafu anaondoka kama mteja aliyeingia dukani kukwepa mvua.

Mhudumu wa baa, mtu mzima aliyemwandalia chai kwa zaidi ya miaka kumi, alimfuata akijifanya anafuta meza.

"Wamekwambia hakijadiliwi?"

"Wamesema."

"Meneja wa benki alilipa nusu. Mwezi wa pili huu. Na yule mwenye maghala alilipa kwa awamu nne."

"Umeyajuaje?"

"Kahawa waliyokunywa wakiandikishana niliipeleka mimi." Akakunja kitambaa, akakikunjua. "Mshonaji naye aliandikiwa barua kama yako mumewe alipofariki. Yeye hakuja hata kuuliza."

Mama Bei alimkumbuka mshonaji. Miaka mitano nyuma alikuwa akicheza nao siku za Jumatano, mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa aliyepiga mpira kama anayefukuza nyuki. Mumewe, dereva wa malori makubwa aliyeingia klabuni kwa tiketi ya kampuni yake, alifariki, na mshonaji akatoweka. Mtu alisema amehamia kwa mwanawe. Wote wakaitikia, "Aa, vizuri," na Jumatano iliyofuata wakatafuta mtu wa kujaza nafasi. Hakuna aliyepiga simu. Mama Bei mwenyewe hakupiga.

Hilo alikwenda nalo nyumbani. Lilikaa naye usiku na mchana kama mfupa wa samaki kooni.

Juma lile hakucheza klabuni. Alichukua fimbo zake akaenda uwanja wa upande wa pili wa mji, wenye mashimo tisa tu, uliotengenezwa juu ya machimbo ya kokoto yaliyofukiwa. Huko hakukuwa na kiingilio. Ulilipa dirishani kwa siku, ukapewa kikaratasi, ukaingia. Nyasi zilikuwa na mabaka kama kichwa cha mwenye mba, na shimo la sita lilikuwa na bati kuukuu badala ya bendera. Alipangwa na watu wawili asiowajua, mwoka mikate na mwalimu wa udereva. Mwoka mikate alikuwa ameamka saa tisa usiku, akapiga miayo kila mara kabla ya kupiga mpira. Mwalimu wa udereva alitoa maelekezo hata asipoulizwa.

"Taratibu, mama. Usikanyage mafuta."

Aliwashinda wote wawili, akacheka mara kadhaa, na akarudi nyumbani mapema. Mchezo ni ule ule, alijiambia akivua viatu. Mpira ni ule ule. Basi anachong'ang'ania kule ni nini? Akakaa kitandani na kiatu kimoja mkononi, akifikiri kwa utaratibu, kipengele kwa kipengele, kama alivyokuwa akifikiria zabuni. Si jengo. Si chai. Mumewe? Mumewe hayuko kule. Yuko makaburini, na huko yeye huenda kila mwezi bila kulipa. Alichokitaka ni wale watu watatu, na siku moja ya wiki ambayo akichelewa kuna mtu atakayeuliza yuko wapi. Na mshonaji alichelewa miaka mitano bila kuulizwa.

Hapo ndipo ulimi ulipomrudia. Aliandika barua kwa kamati kuomba kuonana nayo.

Walikuwa watu sita mezani, wanaume watano na mwanamke mmoja, mweka hazina. Nahodha wa klabu alikuwa mwagizaji wa matairi, mnene, mchangamfu, mtu wa biashara kutoka utosini hadi unyayoni. Hakupoteza muda.

"Mama Bei, sisi si watu wabaya. Tumekaa, tumezungumza. Kwa heshima ya marehemu, utalipa nusu. Ila libaki humu humu."

Wengine wakatikisa vichwa, wakiwa wameridhika na ukarimu wao. Ilikuwa bei nzuri. Bintiye angemwambia ashike mkono wa mtu haraka kabla hajabadili mawazo.

"Ahsanteni," alisema. "Hiyo ni heshima ya marehemu. Yangu mimi mmeiweka bei gani?"

Nahodha alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Sina maana mbaya," Mama Bei aliendelea. "Nauliza tu. Nikichukua nusu hii, mjane atakayenifuata mtamwambia nini?"

"Atakuja, tutazungumza naye."

"Na asiyejua kuzungumza?"

Katibu, aliyekuwa akiandika kumbukumbu, aliacha kuandika.

"Mama," nahodha alisema kwa upole, "ukija dukani kwangu kununua tairi moja, nitakupunguzia, maana nakujua. Ukitaka nimpunguzie kila mwenye gari anayepita barabarani, nitafunga duka."

"Hujaniuzia tairi, nahodha. Haya matairi nimeshayaendeshea miaka ishirini na miwili, na ada yake ya kila mwaka mmeipokea. Mnataka niyanunue upya kwa sababu dereva amekufa."

Mweka hazina alitazama chini ili asionekane anatabasamu.

Mama Bei alijua kwamba mazungumzo ya bei hayaendi kwa kuomba tu; lazima na wewe uwe na kitu mkononi. Akawaambia kile ambacho wote walikiona ila hakuna aliyekitamka. Zamani, siku ya Jumatano, wanawake walijaa mpaka wanasubiriana. Sasa ni wanane, wiki nyingine sita. Wenza wakifiwa wanaondoka, na wapya hawaji. Aliwauliza mwaka huu wamejiunga wangapi kwa kiingilio kile.

"Hilo ni suala la ndani," alisema katibu.

"Wanne," alisema mweka hazina, bila kuinua kichwa.

"Wanne," Mama Bei alirudia, akaliacha neno lilale mezani. Kisha akataja anachotaka. Si nusu ya peke yake. Alitaka kanuni: mwenza aliyecheza miaka kumi au zaidi, mume au mke, akifiwa, abaki kwa kulipa ada ya mwaka tu kama wanachama wengine. Wakimkatalia, hata ile nusu hataichukua.

Walimwambia atoke nje. Alikaa kwenye benchi la ukumbini kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia. Katibu alipotoka, alimwambia kwamba jambo la kanuni haliwezi kuamuliwa na kamati. Litapelekwa mkutano mkuu. Mpaka hapo, aondoe vitu vyake kabatini.

Aliviondoa siku hiyo hiyo. Ufunguo wa kabati aliuweka mezani kwa katibu, naye akaupokea kwa mikono miwili.

Majuma kumi na moja yalipita. Mama Bei alicheza uwanja wa machimboni, na marafiki zake watatu walimpigia simu Jumatano jioni kumweleza nani kapiga nini. Zilikuwa simu za huruma, naye alizipokea hivyo. Mke wa mwenye kiwanda alimwambia wazi kwamba yeye angechukua nusu na kunyamaza. "Ndege mmoja mkononi, shoga yangu."

"Najua," alijibu Mama Bei. Na kweli alijua. Kuna siku alifua nguo zake za kuchezea, akazianika, akazitazama kambani akijiuliza kama ukaidi si jina jingine la upumbavu.

Siku ya mkutano mkuu hakuruhusiwa kuingia, kwa kuwa hakuwa mwanachama. Alikaa verandani, dirisha likiwa wazi. Mwalimu mkuu mstaafu ndiye aliyesimama kumsemea, kwa sauti ile ile iliyonyamazisha mabweni kwa miaka mingi. Mzee mmoja akapinga: sheria ni sheria, ukilegeza uzi mmoja vazi zima litafumuka. Mwingine akauliza kama mume akifiwa na mke mchezaji naye atafaidika, na alipoambiwa ndiyo, akakaa chini akiwa mpole. Mtu akataja meneja wa benki. Kelele zikazuka, viti vikaburuzwa. Nahodha akagonga meza mara tatu.

Alipotoka, alikuwa anajifuta jasho shingoni.

"Imepita," alisema. "Si kama ulivyotaka. Mwenza wa miaka kumi atalipa robo ya kiingilio, kwa miaka miwili, kidogo kidogo. Na itawahusu waliofiwa kuanzia mwaka juzi."

"Mshonaji alifiwa miaka mitano iliyopita."

"Najua."

"Irudisheni nyuma miaka mitano, basi."

"Mama Bei, hapo ndipo mwisho."

Alimtazama usoni moja kwa moja aliposema hivyo, bila kupepesa, na Mama Bei akajua kwamba kweli ndiyo bei ya mwisho. Kuendelea kungekuwa kupoteza hata kile kilichopatikana. Akampa mkono. Nahodha aliushika, akasema kwamba mshonaji akiomba mwenyewe wanaweza kumwangalia, ila kanuni ndiyo hiyo.

Alilipa awamu ya kwanza Ijumaa ile. Bintiye alipopita na kuona risiti, aliuliza, "Kwa hiyo imestahili?"

"Nyasi hazistahili," Mama Bei alisema. "Nyasi ni nyasi. Jumatano inastahili robo. Nusu sina hakika. Kamili, hapana, ningekununulia wewe ng'ombe."

Jumatano ya kwanza aliporudi, wenzake walimkumbatia, wakamnunulia keki. Alikuwa ametarajia kwamba atalia mahali fulani katikati ya uwanja, pengine pale mumewe alipozoea kukaa kuvuta pumzi. Alipita pale. Hakulia. Alipoteza mapigo mawili kwenye shimo la nne kwa sababu alikuwa anangoja kulia, na daktari wa meno akamwambia aangalie mpira.

Lililobaki alilifanya siku ya pili yake. Duka la mshonaji lilikuwa nyuma ya stendi ya teksi, chumba kimoja chenye cherehani mbili, sare za shule zikiwa zimerundikwa kwa saizi, vumbi la chaki kila mahali. Mshonaji alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kifutio cha ubao alichotumia kama mto wa sindano, ndipo akasema.

"Umekuja kushona?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Ulipoacha kuja, tuliambiwa umehamia kwa mwanao. Sikuuliza."

"Mwanangu anakaa chumba kimoja na watoto watatu. Ningehamia darini?" Mshonaji alivuta kitambaa, akakinyoosha kwa kiganja. "Miaka mitano. Na mlango wangu huu hauna kiingilio."

Mama Bei hakujitetea. Alimweleza habari ya kanuni mpya, na kwamba haimhusu, na kwamba nahodha amesema akiomba mwenyewe wanaweza kumwangalia.

"Waniangalie nini? Nimebadilika rangi?" Akacheka kile kicheko chake, kikubwa, lakini kilikatika katikati. "Hapana, dada. Siwezi kwenda kumwomba mtu aniuzie nilichokuwa nacho. Wewe umeweza, hongera. Mimi sirudi pale hata kwa bure."

"Sawa."

"Sikasiriki lakini."

"Unakasirika. Na una haki."

Mshonaji alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Nje teksi zilipiga honi. Aliinama akakanyaga cherehani, akashona ukosi mzima wa sare mpaka mwisho, akaukata uzi kwa meno.

"Kuna uwanja mwingine," Mama Bei alisema. "Upande wa pili wa mji. Mbaya. Unalipa dirishani. Jumatatu mimi huwa huko saa nne."

"Fimbo zangu niliziuza."

"Zangu ni kumi na nne. Siwezi kuzishika zote kwa wakati mmoja."

Mshonaji hakusema ndiyo. Alisema Jumatatu ana sare arobaini za kukabidhi. Mama Bei akaaga, akaenda zake, bila hakika yoyote.

Jumatatu saa nne na robo mshonaji alitokea kwenye dirisha la malipo, amevaa sketi ya kazini na raba za kanvasi, tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Alilipa mwenyewe; Mama Bei alipojaribu kutoa pesa, aliusukuma mkono wake pembeni. Kwenye shimo la kwanza alisimama, akatema mate viganjani, akapiga. Hakuugusa mpira kabisa. Alipiga tena, akang'oa pande la nyasi lililoruka mbali kuliko mpira wenyewe. Mara ya tatu mpira ulinyanyuka, ukaenda kombo, ukapotelea vichakani upande wa kulia.

"Mungu wangu," alisema mshonaji, akiangalia kule ulikokwenda. "Mkono umesahau."

Waliokuwa nyuma walipaza sauti kwamba kuna foleni. Mama Bei akatoa mpira mwingine mfukoni, akamtupia uwe wa akiba, nao wakashuka vichakani kuutafuta ule wa kwanza.